Robo Gramu ya Mwalimu

Fundi Mizani hapendi kuharakishwa, na mdogo wake wa kiume aliingia karakana yake saa nne asubuhi akimharakisha, debe la shaba kalikumbatia kama mtoto mwenye homa.

Huyo mdogo mtu ni mwalimu wa fizikia. Debe amelihangaikia miaka mitatu, chumbani, mkewe akilala na harufu ya lehemu. Ndani kuna kifaa cha kurusha mawimbi, alichokichomoa kwenye oveni ya kupashia chakula. Roketi, alieleza kwa mara ya mia, huenda mbele kwa kutema moshi nyuma. Cha kutema kikiisha, kwisha habari. Debe lake halitemi kitu. Mawimbi yanagonga kuta za ndani, debe linajisukuma lenyewe. Likikubali, chombo kitafika kwenye nyota bila tangi la mafuta.

Shule ilikuwa imempa mpaka saa sita mchana: asaini mkataba wa mwaka mwingine, au nafasi apewe mtu mwingine. Yeye alishaapa, mizani ikikubali hasaini. Mkewe, mimba miezi saba, alimwambia debe tupu haliachi kuvuma. Wiki nzima hawasemeshani.

"Dada, wewe pima tu," alimwambia Fundi. "Usinihubirie."

Akapima, kwa mizani yake nyeti kuliko zote, mdomo wa debe ukitazama juu, nyaya zimelegezwa zisivute. Mwalimu akawasha. Mwanzoni kimya. Halafu mshale ukasogea, pole pole, mpaka debe likawa limepungua robo gramu.

Mwalimu alishika ukingo wa meza. Kisha akatoa simu ampigie mwalimu mkuu, watafute mtu mwingine.

"Weka simu chini. Sijamaliza."

Mzee aliyemfundisha dada kazi aliwahi kupitisha mizani iliyokaa kwenye meza iliyoinama, soko zima likapunjwa mwezi mzima. Tangu hapo, karakana ile kila kitu hupimwa mara mbili, ya pili kikiwa kimegeuzwa. Dada akamuuliza mdogo wake kama amewahi kulipindua debe. Mwalimu akamtazama kama katukanwa. Roketi inaenda juu, nani anaipima ikitazama chini? Miaka mitatu, msomi mzima, hajawahi hata siku moja.

Wakasubiri lipoe. Saa tano na dakika kumi.

"Kama linasukuma kweli, sasa litasukuma chini," dada alisema. "Uzito uongezeke."

Ukapungua. Robo gramu ileile. Akazima umeme, na mshale haukurudi mara moja. Ulibaki palepale, ukarejea kidogo kidogo kadiri shaba ilivyopoa. Ilikuwa ni joto tu. Hewa ya ndani inapashwa, inapanuka, nyingine inavuja nje kwenye maungio, debe linakuwa jepesi. Ukikaa ndani ya gari ukasukuma dashibodi, gari haliendi: hilo dada hakumwambia. Mwenyewe analifundisha kila mwaka.

"Kwenye karatasi yako ya muhuri andika ile ya kwanza tu," mwalimu alisema. "Si uongo. Umeiona."

Kweli, dada aliiona. Na mdogo huyu alimlea mwenyewe tangu mvulana ana miaka tisa, hajawahi kumnyima kitu. Kalamu ilikaa hewani muda mrefu. Halafu akaandika vipimo vyote viwili, na chini yake: halikusukuma.

"Nikiandika kimoja, utaacha kazi na karatasi yangu mkononi. Mtoto atakula muhuri?"

Mwalimu alisoma mara mbili. Akauliza, chini chini, kama debe lenye kuta nene zaidi lingeleta tofauti.

"Sijui. Lilete, tutapima. Ila baada ya kazi, mdogo wangu."

Mwalimu akakumbatia debe lake, akatoka. Dirishani dada alimwona akifika njia panda, kulia shuleni, kushoto nyumbani. Akasimama. Akatazama saa ya mkononi, akaendelea kusimama, mpaka dada akajikuta kaziba mdomo kwa kiganja. Zilibaki dakika kumi na mbili kufika saa sita. Mwalimu akakunja kulia, na baada ya hatua chache akaanza kukimbia.