Nilivyomfukuza Kazi Mama Yangu Mzazi

Nimemfukuza kazi mama yangu mzazi.

Subirini, msianze kunitukana. Someni mpaka mwisho, kisha mtukane vizuri.

Nina karakana ya makochi. Nilikopa benki, nikanunua mashine, nikaajiri mafundi. Mmoja wao ni mama, nesi mstaafu. Bei zilikuwa zimepaa mpaka pensheni yake haifiki katikati ya mwezi.

"Mwanangu, nipe mashine nishone foronya," aliniambia. "Ila dada yako asijue. Ataona nimedhalilika."

Nikafunga mdomo.

Sasa huyo dada si mtu wa mchezo. Ni mmoja wa watu tisa wanaokaa Benki Kuu kupanga riba ya nchi nzima. Tumbo moja, lakini mimi nanuka gundi, yeye ananukia marashi!

Mtaani wakaanza kusema riba itapandishwa. Mkopo wangu unafuata riba hiyohiyo, ikipanda, nimekwisha.

Nikamfuata kwake. Nikamkuta anaosha vyombo.

"Dada, nakuomba..."

Akainua kiganja chenye povu. "Mdogo wangu, ishia hapo. Kikao kikikaribia haturuhusiwi kuzungumzia riba na mtu. Hata shemeji yako haniulizi."

"Lakini kuna watu pale kwangu..."

"Nimesema ishia hapo! Unataka nifukuzwe?"

Nikaondoka na maneno yangu kooni.

Siku chache baadaye redio ikatangaza: riba imepanda.

Jamani, nililia kama mtoto. Benki wakaongeza marejesho. Wateja waliozoea kukopa ili wanunue makochi wakakata mguu. Nikawaachisha mafundi mmoja mmoja, wa mwisho mama. Akafunika mashine yake kwa kitambaa, akanishika bega. "Usijali, mwanangu." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumapili nikiwa kwa mama, dada akaja, kifua mbele, kikapu kimejaa.

Nikamlipukia. "Umeniua! Karakana imekufa!"

"Kikao kimeisha, sasa nikwambie," akajibu taratibu. "Wanne walitaka ipande, watu wapunguze kukopa na kununua, bei zitulie. Wanne walitaka ibaki, kazi za watu zisipotee. Nikabaki mimi. Nilijua utaumia. Lakini mama hana kazi, ana pensheni tu, na bei zinammaliza. Nikamchagua mama."

Nikamtazama mama.

Mama akamwonyesha dada vidole vyake, vimechomwachomwa na sindano. "Nilikuwa nashona kwa mdogo wako. Bei zikitulia, mwanangu, nitanunua kwa pesa gani?"

Dada akakaa sakafuni na nguo zake nzuri.

"Ningejua..." akaanza. Kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Hata ningejua, kuna wastaafu wangapi hawana mtoto mwenye karakana? Mama, wallahi sijui ningefanyaje." Akaangua kilio, na mimi hasira zote zikaniisha.

Funzo? Nimelitafuta sana. Huko juu hakuna mkono unaoinuliwa ukamwacha kila mtu salama, hilo nimeshalimeza. Lakini wewe unayemficha ndugu yako shida za nyumbani kwa kuogopa aibu, acha leo. Dada yangu alimwokoa mama wa kichwani mwake. Mama wetu wa kweli ndiye aliyekosa kazi.

Mashine yake bado imefunikwa. Anayehitaji makochi, tafadhali anitafute.