Nilitia Kombe Katika Chupa za Daktari wa Mamba

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenisitiri miaka yote hii, kisha akanibakishia pumzi ya kusema mwenyewe. Nilikosa! Tena nilikosa nikiwa na udhu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, watu binafsi walipoanza kufuga mamba huku kwetu Rufiji kwa ajili ya ngozi. Mkwe wangu Bakari alikuwa akilisha vitoto vya mamba kwenye mabwawa ya mfugaji mmoja karibu na Kibiti. Vikaanza kufa, ngozi imejaa vipele. Mfugaji akamleta daktari wa mifugo kutoka bara, binti aitwaye Roza, akampangishia chumba nyumbani kwangu.

Nilimchukia tangu siku ya kwanza. Mkristo, hana mume, na chumbani kwangu kapanga chupa za mamba! Akiniamkia "Shikamoo mzee," naitikia kwa kukohoa.

"Mzee, hicho kikohozi nikupe dawa?" aliniuliza siku moja, akicheka.

"Dawa yangu ni wewe kuhama! Unafuga maradhi kwenye nyumba inayosomwa Kurani!"

Akanieleza kwa upole. Ndani ya chupa aliotesha seli za mamba asiye mgonjwa, akizilisha maji maalumu. Joto la Kibiti lilizitosha seli hizo bila mashine, alisema. Kisha alizitia virusi kutoka kwenye vile vipele, aone kama zitaugua. Akishavijua, atapima kila bwawa, mamba wazima wasiuawe.

"Na Bakari asikose kazi, mzee."

Sikutaka kusikia. Alipokwenda mabwawani, niliandika aya kwa zafarani kwenye sahani, nikaziosha kwa marashi, kombe lile lile tunalowanywesha wagonjwa. Nikafungua chupa moja moja, nikatia. Nilitia huku namlaani! Maneno ya rehema nikayafanya rungu.

Chupa zote zikaota ukungu. Roza alilia, akadhani ni mikono yake iliyokosa usafi. Mfugaji akasema hangoji tena. Mamba wote wakauawa, wazima kwa wagonjwa. Bakari akahama na mkewe, binti yangu wa pekee. Wajukuu wangu wamekulia mbali, hawaijui sura yangu.

Nami nilinyamaza! Siku ya kuondoka, Roza alinishika mkono. "Nisamehe mzee, nimeshindwa kazi nyumbani kwako."

Nikamjibu, "Nimekusamehe." Mimi!

Ndugu zangu, chuki msiiite dini. Na ukikosa, sema siku ile ile, asije mwenzio akabeba lawama yako mpaka kaburini.

Wewe uliyenisoma, Mola akulainishie moyo kwa mgeni wako, na uwapendao awarudishe mlangoni kwako salama. Amin.