Pasi Yangu kwa Wembe wa Mfalme

Miaka ile ya hamsini, mume wangu alitoka kwetu Thika na pasi yangu ya makaa, akarudi kutoka Ruiru na wembe wa kukunja uliojaa kutu. Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, ilikuwa haijaisha na askari walipekua watu njiani wakitafuta hata kisu cha kumenya viazi. Yeye aliupitisha ndani ya soksi. Alikuwa amebadilishana na mpishi wa shamba moja la kahawa, ambaye mzungu wake alihama akaacha takataka. Pasi ile ndiyo niliyopigia nguo za makarani, na ndiyo iliyotuletea sukari.

“Mama watoto, tulia,” akaniambia. “Hii ni wembe ya mfalme. Tukiuza, utanunua pasi mbili.”

Ushahidi wake? Karibu na mpini, chini ya kutu, palionekana taji dogo na nusu ya jina. Hata mikebe ya biskuti siku hizo ilikuwa na taji, na sikusikia mfalme ametuma mtu Thika kudai biskuti zake. Mpini nao aliapa ni pembe ya ndovu. Nilipasha sindano moto nikaugusa, nyumba ikanuka kwato zilizoungua. Ndovu wetu alikuwa ng'ombe.

Aliupeleka kwa mzee Mhindi aliyenunua vitu vikuukuu pale mjini. Mzee akausogeza jichoni. “Toa kutu pole pole, jina ionekane,” akasema. “Jina ikionekana, mimi nanunua.”

Pole pole! Mume wangu hakuwahi kufanya jambo pole pole isipokuwa kuamka. Alikuwa mkwanguaji wa ngozi kiwandani, na wembe ule aliukwangua kama ngozi ya fahali. Mchanga, unga wa matofali, majivu, mafuta ya taa. Kila jioni alisugua huku akipiga mluzi, nami nikiwarudishia watu nguo safi zilizokunjamana, mpaka wakaanza kumpelekea mwanamke mwingine. Kwa hasira niliyokuwa nayo, ningeweza kupiga nguo pasi bila makaa.

Wembe ukang'aa. Akakaza mpini uliolegea, akaunoa kwenye jiwe, akaumalizia kwenye kipande cha ngozi mpaka ukawa unakata unywele unaoning'inia. Ilikuwa kazi nzuri, nasema hivyo na roho inaniuma. Akavaa koti, tukaenda dukani pamoja.

“Jina iko wapi?” mzee akauliza.

Mume wangu akaugeuza huku, akaugeuza kule. Jina lilikuwa limeondoka na kutu, na taji pia. Alikuwa amemsugua mfalme wake mpaka akaisha.

“Sasa hii ni wembe tu,” mzee akasema, akamrudishia.

Nilililia pasi yangu njia nzima, watu wakitazama. Mume wangu alivua koti, akalikunja kwapani.

Tulikuwa na jirani, shosho mmoja, nyanya wa Kikikuyu, aliyenyoa kichwa chote kama wanawake wa rika lake. Aliniona mlangoni nimeushika wembe ule, nikifikiria kuutupa chooni. Akaujaribu kwenye ukucha wa kidole gumba.

“Ngai! Nyembe hizi za duka zinanikwaruza kama paka,” akasema, akaketi. “Ninyoe, mwana wakwa, mwanangu.”

Nikamnyoa. Kichwa kikatoka laini, bila tone la damu. Kabla ya Jumapili wenzake walikuwa wamejaa uani, huyu na mayai, yule na ndizi, mwingine na pakiti ya sukari. Nilipoiona ile sukari nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Mume wangu naye akavaa koti lake tena. Kwa kila mgeni alijisifia “wembe yangu.” Jumamosi moja, ndevu zikiwa zimemjaa na kanisa likimsubiri kesho yake, akanyoosha mkono.

“Mama watoto, lete wembe yangu.”

“Hii ni yangu,” nikamjibu. “Yako ni ile pasi, iko Ruiru. Mwambie mpishi akupige pasi hizo ndevu.”