Upindo wa Kunde

Mama Cherehani alishona sare za shule miaka thelathini, mpaka mgongo wake ukakataa kunyooka. Mumewe, Bwana Kipimo, alipima mashamba ya watu maisha yake yote, na yeye mwenyewe akaambulia kipande cha mbuga kisichofaa kitu ila nyasi na swala. Lakini aliwapenda swala hao, jamani! Moyo ulipoanza kumsumbua, kiti chake kilihamia dirishani. Kila mwaka mkewe akampandia kunde mbele ya dirisha, ili wanyama wasogee awaone.

Tabu ya kunde ni msimu mmoja tu. Kila mvua ikija ni jembe, mbegu na mgongo upya.

Mwaka ule muuza mbegu alimshauri vingine. "Mama, panda mbaazi na lusina, yale majani ya malisho. Hizo ukipanda mara moja zinadumu miaka. Ila mwaka wa kwanza zizungushie uzio, swala wasizionje mpaka zishike mizizi."

Mwaka mzima! Daktari alikuwa amemnong'oneza mlangoni kwamba mumewe akifikisha hata miezi sita ni bahati. Mama Cherehani akarudi na kunde.

Bwana Kipimo alichungulia mfuko. "Kunde tena?"

"Ndizo zilizokuwepo."

"Mwongo mkubwa! Muuza mbegu kanipigia simu. Karudishe, ulete za kudumu."

"Hutawaona swala, baba watoto."

"Nimewaona miaka saba. Nenda bwana."

Mzee yule akishapigilia kigingi, hang'oi. Walinuniana siku mbili. Siku ya tatu Mama Cherehani akafanya kama afanyavyo fundi kitambaa kikigoma: akakata. Eneo kubwa akalipanda mbaazi na lusina, akalizungushia uzio. Nje ya uzio, chini ya dirisha kabisa, akaacha ukanda mwembamba wa kunde.

Bwana Kipimo alipouona alicheka mpaka akakohoa. "Umeniwekea upindo, mke wangu!"

Swala walikuja kwenye upindo. Aliwatazama mpaka kunde zikaisha, na kabla mvua hazijarudi, naye akaaga dunia.

Mvua ziliporudi, Mama Cherehani alichukua jembe kwa mazoea tu, akazunguka nyuma ya nyumba, upande wa dirisha. Mbaazi zilikuwa zimempita kichwa. Lusina ilikuwa imefunika ardhi yote. Alitafuta pa kulima, hakupaona, akabaki amesimama na jembe lake begani. Hapo ndipo alipomwelewa mumewe. Mwanamume yule hakuwa akiwawazia swala hata kidogo. Alikuwa akiuwazia mgongo wa mkewe.

Akafungua uzio, akaingia nyumbani, akakaa kwenye kile kiti cha dirishani kwa mara ya kwanza.

"Mjanja wewe," alisema, na machozi yakamtoka bila aibu. "Si ungeniambia tu?"

Nje, swala jike alinyoosha shingo akachuma jani la mbaazi. Mama Cherehani akasogeza kiti kidogo, amwone vizuri.