Aliyepanda Nyuma ya Pikapu Yangu Ukingoni mwa Kreta

Walisema sitaweza. Walisema mtoto wa mkulima wa Karatu hawezi kufunga simu ya upepo kwenye pikapu ikaongea na mtu aliye upande wa pili wa mlima. Wengine walisema nitafungwa kwa ujasusi. Mimi, mwenye diploma ya redio kutoka Ujerumani Mashariki! Basi nitakueleza kilichotokea, na kimetokea kweli. Kama wewe ni wa kucheka, cheka sasa umalize.

Niliporudi nyumbani sikuwa na baba wa kunishika mkono wala ndugu mkubwa ofisini. Nilikuwa na kichwa changu. Pikapu niliichukua kwa mjomba wangu kwa makubaliano ya kumlipa polepole. Betri kubwa nilikopeshwa na mwenye duka mmoja aliyetoka Kilimanjaro. Redio yenyewe ilikuwa mali ya fundi wa Arusha. Kibali nilikifuata Dar mpaka makarani wakanizoea. Wote hao walitegemea jambo moja tu: nipate kazi ya hospitali ya misheni, kupeleka dawa na kuchukua wagonjwa mpaka Loliondo. Nikiikosa, kila mtu angekuja kuchukua chake, nami ningerudi kulima ngano ya watu.

Sista Agnesi, aliyesimamia kazi hiyo, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na redio ya hospitali mezani kwake.

"Nenda ng'ambo ya kreta," aliniambia. "Nikikusikia kabla ya giza, kazi ni yako. Nisipokusikia, kuna mwingine anasubiri."

Kufunga mitambo ile si kazi ya mchezo. Redio niliikaza chini ya dashibodi kwa vyuma vya pembe. Waya mnene niliutoa moja kwa moja kwenye betri, nikauwekea fyuzi. Antena, fimbo ndefu kuliko mtu, niliisimamisha kwenye kona ya bodi nyuma ya kebini. Elewa hapa: bodi ya gari ni nusu ya antena. Kitako cha antena kisipogusana na chuma kitupu cha gari, utasikia wenzako vizuri, lakini wewe hutasikika. Nikakwangua rangi kidogo. Mjomba akapiga kelele kama nimemkwangua yeye.

"We kijana! Rangi hiyo unajua imepatikanaje? Nchi nzima haina sabuni wala sukari, wewe unakwangua rangi!"

Nilimwambia hiyo ndiyo elimu. Nikaenda kula. Niliporudi nilikuta ameshanipachikia antena mahali pake, amekaa pembeni ametulia. Nikakaza nati na kuzipaka rangi nyekundu zisilegee. Nikaondoka.

Kule juu ukingoni ukungu ulikuwa mzito, na baridi ile ya msituni unaijua kama umewahi kupita. Mchana lakini taa zimewashwa. Nilipovuka upande wa Malanja, ng'ambo ya kreta, nikasimama, nikawasha redio.

Sista akasikika wazi: "Pikapu, pikapu, unanipata?"

Nikajibu. Kimya. Akaita tena, nikajibu tena. Nilibadilisha fyuzi, nikakagua waya, nikasogeza gari mbele na nyuma. Namsikia hata akipiga chafya, yeye hanisikii! Hebu fikiria uchungu huo. Ukungu ukaanza kuwa wa kijivu, ule unaotangulia giza.

"Pikapu, sijakupata," akasema. "Naita mara moja tu tena, halafu nazima."

Nilipoinua macho, mzee wa Kimaasai alikuwa amesimama kando ya gari, mkono mmoja tayari uko juu ya bodi. Sikumwona akija. Nikashusha kioo kidogo.

"Sopai, layeni," akanisalimu kwa Kimaasai, kama mzee anavyomsalimu kijana.

"Epa," nikaitikia.

"Nipeleke hapo mbele."

Ungemkatalia mzee kwenye baridi ile? Nikamwambia apande nyuma, nikapandisha kioo, nikaondoa gari. Kwenye kioo cha ndani nilimwona amesimama, mkono wa kushoto umeshika kitako cha antena. Kwa mkono wa kulia alikuwa akigeuzageuza kipande cha mpira mweusi. Nikadhani anatengeneza kandambili zake za tairi, maana ndivyo wanavyovaa.

Sista akaita kwa mara ya mwisho. Nikajibu bila matumaini.

"Nakupata!" akapiga kelele, yeye asiyepigaga kelele. "Nakupata kama uko mlangoni! Lakini mwambie huyo mzee aache kukohoa, anaifunika sauti yako!"

Maikrofoni nilikuwa nayo mdomoni, vioo vyote vimefungwa, na mimi sikusikia kikohozi chochote. Niamini, nywele zilinisimama.

Nyuma mzee akagonga paa, kama abiria yeyote anayetaka kushuka. Nikasimama, nikatoka nimpe mkono. Hapakuwa na mtu. Nikapanda kwenye bodi. Umande wa ukungu ulikuwa umetanda sakafu yote, laini, bila alama hata moja ya unyayo. Unajua nilifanya nini? Nilirudi kwenye usukani nikakimbia, na diploma yangu. Sikumbuki njia ya kuteremka mpaka nilipoona taa za Karatu.

Sista alikuwa ananingoja nje ya hospitali, na mjomba kando yake. Sista akasema tu, "Jumatatu njoo upakie dawa." Nikakaa chini kwenye ngazi kwa furaha.

Lakini mjomba alikuwa hatulii. "Ilisikikaje?" akauliza. "Mimi nilikuwekea kipande cha tyubu chini ya kile kitako, nisiharibiwe rangi."

Nikamtazama. Mpira! Ndiyo maana nilikuwa bubu mlimani. Nikachukua spana na tochi. Rangi nyekundu kwenye nati haikuwa na ufa hata mmoja. Hakuna aliyezigusa tangu nilipozikaza. Tukafungua. Mpira haukuwepo. Chini ya kitako chuma kilikuwa kimesuguliwa mpaka kinang'aa. Mjomba alivua kofia yake.

Nimeendesha njia ile miaka mingi, mpaka Loliondo na Enguserosambu. Ukungu ukishuka upande wa Malanja, Sista huniambia mzee amekohoa kwanza redioni, ndipo sauti yangu ikaingia. Mimi sijawahi kumsikia. Kwa hiyo nakuonya, wewe unayepita huko: mzee akikusimamisha kwenye ukungu, mbebe. Usimuulize anakotoka, na akigonga paa usigeuke kutafuta aliposhuka. Mimi niligeuka, na hadi leo siwezi kuendesha bila kutazama nyuma kila mara.

Kazi ile ilinitoa. Mwenye duka nilimlipa, fundi wa Arusha nikamlipa, na siku ya mwisho nikaenda kwa mjomba na bahasha. Alihesabu taratibu, akaiweka kifuani.

"Umemalizana na watu wote?"

"Wote, mjomba."

"Na yule wa mlimani?"

"Yule hakunikopesha," nikamwambia. "Yule alinipa."

Akamwita mkewe alete chai, akanimiminia yeye mwenyewe, na siku hiyo hakuninyima sukari.