Shingo ya Akiru

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, ni ile niliyofika kijiji cha Lopur na gauni nililolinakili kutoka kwa picha, nikamliza mama mzee ambaye hakuwa amenikosea lolote. Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa msichana wa Nawoitorong, pale Lodwar, nimehamia Kakuma na cherehani yangu, najiona fundi kuliko mafundi wote. Kichwa changu kilikuwa kikubwa. Usicheke, chako nacho kinakua.

Intaneti hatukuwa nayo. Mimi nilikuwa na kitabu cha mitindo ya ng'ambo, kilichotoka ndani ya robota la mitumba la Mama Deng, mkimbizi kutoka kusini mwa Sudan aliyeuza nguo jirani yangu. Nilikitegemea kama unavyoitegemea simu. Mteja akiketi, kabla sijamtazama usoni, nimeshafungua ukurasa. Aliyekuja na wazo lake mwenyewe nilimwambia limepitwa na wakati.

Basi akaja Akiru, binti wa Lopur aliyeimba kwaya ya kanisa. Alitaka gauni la Krismasi. Mama yake alikuwa amelazwa hospitalini Lodwar, hali si nzuri, na nyanya yake aliyebaki nyumbani alikuwa halali kwa wasiwasi. Akiru alitaka angalau kumfurahisha mzee huyo. Nikamchagulia gauni lenye kola ya kufungwa vifungo mpaka kidevuni, kwa joto hili la Kakuma! Lakini siku ya kulijaribu, shingo yake ilijaa shanga, mizunguko juu ya mizunguko, na kola ikakataa kufungika.

"Hizi zitatoka," nikamwambia.

"Dada, hizi si za kutoa hivi hivi. Nyanya ataona aje?"

"Ataona mrembo. Angalia huyu kwa picha, ako na shanga?"

Alikuwa mdogo kwangu, akainamisha shingo. Nikachukua mkasi nikakata nyuzi, shanga nikazitia kwenye mkebe. Mimi, Mturkana wa kuzaliwa, niliyejua tangu utotoni kwamba kwetu mwanamke huvua shanga akifiwa. Nilijua, mwanangu, lakini macho yalikuwa kwenye karatasi, na jambo hilo halikunijia hata kidogo.

Asubuhi iliyofuata nilimsindikiza Lopur, maana nilitaka kusifiwa. Tulimkuta nyanya yake nje akimimina maziwa. Nikamsalimu, ejok, hakuitikia. Aliitazama ile shingo tupu, akaweka kibuyu chini, kisha akaanza kuzikata shanga zake mwenyewe kwa mikono yote miwili.

"Mtoto yangu amekufa," akasema. "Mmekuja kuniambia mtoto yangu amekufa."

Wanawake wa boma wakaanza kulia. Akiru alimshika mikono, naye analia, "Mama ako hai, nyanya. Ni nguo tu. Ni nguo." Mzee hakuamini mpaka alipoitwa jirani aliyetoka Lodwar jana yake, akaapa kuwa amemwacha mgonjwa amekaa kitandani akinywa chai. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nyanya alipotulia aliniita niketi karibu naye. Hakupaza sauti.

"Wewe fundi, ulipima huyu msichana ama ulipima karatasi?"

"Karatasi, nyanya."

"Basi leo utapima mtu."

Akanipa uzi. Siku nzima nilitunga shanga, zake na za Akiru tulizokuja nazo mkebeni, huku akinieleza huu mzunguko alitoa nani, ule uliongezwa lini, kwa nini rangi hii hukaa chini ya ile. Nilikuwa nimevaa shanga maisha yangu yote bila kuuliza hayo. Niliporudi Kakuma nilimkatia Akiru gauni jingine, shingo pana iliyoanzia pale shanga zinapoishia, na mkanda wa rangi zile zile. Halikuwa kwenye kitabu chochote. Mama Deng alilicheka kwanza, akaligeuza nje ndani, halafu akasema, "Mimi pia nataka, lakini ya watu wa kwetu." Ikabidi nianze kumuuliza mambo ya kwao. Mama yake Akiru alirudi nyumbani kabla ya Pasaka, na gauni lake nalo nililishona. Kwa furaha niliyokuwa nayo ningeshona mpaka mapazia ya hospitali.

Sasa wewe. Juzi umetoa magauni matatu, yote pacha, ya wanawake watatu ambao hata urefu hawalingani. Nilipokuuliza ukaninyooshea simu. Sikwambii uitupe, hata mimi naipenda, nikiazima wajukuu huninyang'anya. Nakwambia hivi: mteja akija, iweke kwenye droo kwanza. Mwangalie. Muulize anaenda wapi na nani atampokea huko. Mpime akiwa na vitu vyake mwilini, wala usimvue kitu usichojua alikivaa kwa nini. Ukishajua hayo, fungua picha zako uchukue kinachomfaa, na kisichomfaa ukiache huko huko.

Akuj, Mungu wetu, akupe subira ya kutazama watu, na mikono isiyochoka. Na siku moja, huko mbali, fundi mmoja aitazame kazi yako kwenye simu yake mpaka asahau kuwa mteja amesimama mbele yake. Nawe, mwanangu, umwandikie haraka amwangalie mteja wake.