Dawa Iliyongoja Kengele

Jumamosi Kuu, kwenye dirisha la dawa la zahanati yetu huku Kigonsera, nesi alikuwa amempima mzee mmoja, akakuta presha imepanda sana.

“Babu, dawa unameza?”

“Kila asubuhi, kengele ya kanisa ikilia.”

“Na leo?”

“Kengele zimenyamaza tangu juzi, Alhamisi Kuu, mpaka Bwana afufuke.”

Mkewe akadakia, “Na wewe unataka kumfuata kaburini? Mbona kwenye ugali hungoji kengele!”

Foleni nzima tukacheka. Bibi akachukua kikombe cha maji, akakigonga kwa ufunguo, ngo, ngo, ngo. “Haya, imelia!”

Mzee akafanya ishara ya msalaba, akameza kidonge alichopewa na nesi.

Mimi, Mungu anisamehe, kengele ya kanisa ikilia asubuhi hujifunika shuka. Lakini nanyi wenye wazazi kama huyu, Ijumaa Kuu asubuhi wapigieni simu.